Bonge Lililofungukia Kulia

Reyes Etla, Oaxaca
4 Agosti 1991

Mdogo wangu Obdulia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda cha jikoni ulichokuwa ukikigombania ulipokuwa mdogo, na karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia vitunguu, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka unisamehe. Tumeamka, Mungu ashukuriwe. Kifua cha mume wangu Crisóforo kimetulia. Mahindi yamefika kiunoni. Ng'ombe mweupe kazaa jike, na mimi nilikwenda kuwasha mshumaa kanisani kwa ajili hiyo, maana miaka miwili mfululizo alituzalia madume.

Bwana Wulfrano dereva atakuletea kikapu kama kawaida, mabonge manne ya jibini ya uzi. Barua nimeiweka chini kabisa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ile ya mwezi wa sita uliniambia ilifika imelowa maji ya jibini ukasoma nusu tu.

Mama yupo. Anakunywa chokoleti yake asubuhi, anasali rozari, anagombana na kuku. Salamu zake sikuandikii kwa sababu hakunipa, na mimi siwezi kuandika neno nisilotumwa, hata kama lingekufurahisha. Mwaka wa nne huu, Obdulia, hamjasemeshana. Kila nikifunga kikapu namuuliza, "Mama, nimwambie nini mwanao?" Naye hunijibu, "Mwambie jibini isikae juani." Basi nimekwambia.

Njoo sikukuu ya Wafalme Watatu, mwezi wa kwanza. Nakuomba mapema ili usije kusema hukuambiwa. Kama mlikoseana, nami sikuwepo mlipokoseana, yamalizeni huku mkiwa mnaonana. Mama si msichana tena.

Nakuombea kila jioni.
Dada yako, Hermelinda


Mji Mkuu, mtaa wa Portales
27 Agosti 1991

Dada Hermelinda,

Kikapu kimefika, na Bwana Wulfrano kafika nacho akilalamika kwamba basi zima lilinuka maziwa. Nikamkaangia kesadiya mbili za maua ya maboga, akanyamaza. Nafurahi kifua cha shemeji kimetulia. Mimi sijambo, ila miguu, maana kusimama mbele ya kaango tangu asubuhi hadi saa kumi si mchezo.

Wateja wapo. Yule mwalimu mstaafu, Bwana Tarsicio, bado anakuja saa saba kamili, na hali mpaka kwanza agombane na mtu. Safari hii kampata mgeni mmoja kutoka kaskazini. Mgeni kaagiza kesadiya ya viazi, kaifungua, kachungulia ndani kama aliyepoteza funguo.

"Mama, jibini iko wapi?"

"Hukuomba, mwanangu."

"Naagiza kesadiya halafu niombe na jibini? Kwetu jibini ndiyo kesadiya yenyewe, hata jina limetoka kwa jibini!"

Bwana Tarsicio akadakia, mdomo umejaa: "Hapa ni Mji Mkuu, bwana. Kesadiya ni chapati ya mahindi iliyokunjwa ikaungua mgongo. Ndani tia hata soksi."

"Kwetu ukiuza hivyo unafukuzwa mtaani."

"Basi nenda kwenu ukale, utuachie nafasi kwenye benchi."

Watu wakavunjika mbavu. Ndivyo ninavyouza, Dada. Anayetaka jibini aombe. Huo ni uhalifu?

Unasema hukuwepo, nikusimulie basi, maana najua Mama hajakusimulia. Alikuja kuhiji kwa Bikira wa Guadalupe, akapitia kwangu saa ya chakula cha mchana, foleni imefika kwenye duka la viatu. Mtu kaomba ya uyoga. Nikakunja, nikampa. Mama akasema kwa sauti ile yake ya kuitia ng'ombe, "Na jibini?" Nikamwambia, "Hakuomba, Mama." "Hakuomba! Mtu akiomba kahawa, humwekei maji mpaka aombe?" Watu wakacheka. Akaendelea: "Nimekulea kwa jibini, nimekuvisha viatu kwa jibini, nawe unakunja chapati tupu na kuwadanganya watu jina lake." Mbele ya wateja wangu wote, Dada. Mimi mwanamke wa miaka thelathini na tisa.

Nami nikamjibu. Nilichomjibu sitakiandika. Akachukua mtandio wake akaondoka, hata maji hakunywa. Ila baada ya wiki mbili kikapu kikaja kama hakuna kilichotokea, na hakijakosa tangu hapo.

Akinitumia neno, nitakuja. Bila neno siji. Alianza yeye.

Kitu kimoja kidogo. Bonge la jibini lilinifungukia upande mwingine. Unajua Mama ni mashoto, na bonge lake ukilishika kitovu cha uzi ulioviringwa kikiwa juu, uzi hufungukia kushoto. Mkono wangu umezoea hata nikifumba macho. Haya ya sasa yanafungukia kulia. Tangu mwezi wa tano nimekuwa nikijiambia nimechoka tu. Nimechoka, Dada?

Mdogo wako, Obdulia


Reyes Etla
15 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara moja jikoni na mara moja kanisani, Mungu anisamehe, wakati wa mahubiri. Ya Bwana Tarsicio nilimsomea Mama kwa sauti. Aliposikia habari ya soksi alikohoa, na mimi nakwambia hakikuwa kikohozi.

Mvua imetunyeshea vizuri. Ndama jike tumemwita Mchumba. Padri amepaka sakristia rangi ya samawati na akina mama wa ushirika wamegawanyika vipande viwili.

Unakumbuka hadithi ya jibini ya uzi ilivyoanza? Nimeikumbuka wiki hii nikiwa kwenye kazi. Yule binti wa zamani, aliyeachwa nyumbani alinde maziwa yasipitilize, akaenda zake kucheza. Aliporudi yameganda kupita kiasi, hayafai tena kwa jibini ya kawaida, na wazazi wako njiani. Kwa kuogopa makofi akayamwagia maji ya moto ili yalainike wasijue. Yakavutika kama utepe. Akavuta, akavuta, akaona hana pa kuuficha utepe wote ule, akauviringa bonge. Kila nyumba hapa Etla inasema binti alikuwa wa kwao. Mama anaapa alikuwa wa ukoo wa bibi yake, na Bi Eduviges wa ng'ambo ya mto anaapa alikuwa wa kwake, na wakikutana sokoni huwa wanamgombania maskini binti yule kama vile yuko hai.

Tulipokuwa watoto niliicheka hadithi ile. Siku hizi namhurumia. Nawaza ule muda aliokuwa peke yake, mikono ndani ya maji ya moto, anasikia hatua za wazazi mlangoni, na anajua kuna kitu anaficha.

Basi, mabonge manne. Haya nimeyatia chumvi kidogo zaidi.

Bwana akulinde.
Hermelinda


Mji Mkuu
3 Novemba 1991

Dada,

Sikukuandikia muda mrefu kwa sababu nilikuwa nangoja jibu. Nilikuuliza juu ya bonge ukanijibu juu ya ndama na rangi ya sakristia. Na umeandika "nimeyatia chumvi". Wewe. Tangu lini wewe unatia chumvi, Mama akiwa ndani ya nyumba ile?

Vikapu vitano vimekuja tangu hapo. Mabonge ishirini. Nimeyafungua yote nikiwa nimekaa chini, taratibu, kitovu juu. Ishirini yote kulia.

Jana ilikuwa siku ya marehemu wetu. Nilitandaza maua ya manjano, nikaweka mkate na maji, na kesadiya ya jibini kwa ajili ya Baba, moto moto, kama alivyoipenda, ukingo umeungua. Nikaweka picha yake. Halafu nikasimama na picha ya Mama mkononi, ile ya harusi yako, sijui niiweke pale au niirudishe kabatini. Robo saa nzima nimesimama. Dada yangu wa tumbo moja umeniacha nisijue hilo.

Mama yu hai?

Obdulia


Reyes Etla
10 Novemba 1991

Obdulia, mdogo wangu,

Yu hai. Yu hai, yu hai. Nimeanza na hilo, hata tarehe niliiandika baadaye. Irudishe picha kabatini.

Wiki ya pili baada ya Pasaka alianguka kando ya pipa la maziwa. Kiharusi. Ulimi Mungu aliuacha salama, tena ukali wake wote umo, lakini upande wa kushoto ulikwenda. Mguu umerudi kidogo, anatembea na fimbo. Mkono haukurudi. Ule ule wa kazi.

Siku ya tatu kitandani aliniita, akaniapisha mbele ya picha ya Bikira wa Soledad. "Obdulia asiambiwe." Nikamwambia, "Mama, ni mwanao." Akasema, "Ndiyo maana. Ukimwambia atakuja mbio kwa huruma, atalia, atanipangusa mdomo, na lile jambo letu litabaki lilivyo. Simtaki aje kwa ajili ya mkono. Aje kwa ajili yangu." Nikaapa. Halafu akasema, "Na kikapu kisikose."

Kwa hiyo mabonge yale ni yangu. Yeye hukaa kwenye kigoda kando ya pipa, anaonja maji ya maziwa kwa kijiko, anasema "bado," anaonja, "bado," halafu ghafla "Sasa! Sasa, mzembe we!" na mimi nakata kipande nakitumbukiza kwenye maji ya moto, nakivuta, na kweli kinang'aa kama utepe wa sikukuu. Hajakosea hata siku moja. Mikono yangu imebabuka mpaka viwiko. Nilijaribu kuviringa kwa kushoto ili usigundue, jibini ikaanguka sakafuni, mbwa akaila. Mama akacheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka, sikumtazama sana.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa padri nikamweleza kiapo. Akaniuliza, "Uliapa kutomwambia, au uliapa kumkana akishajua?" Nikasema, kutomwambia. Akasema, "Basi keshajua. Kamjibu mdogo wako, na usinipotezee muda, kuna watu wenye dhambi za kweli wananingoja." Hata hivyo kanipa rozari tatu, kwa ile picha uliyosimama nayo.

Mama hajui nimekuandikia. Mimi sikuiti. Siwezi kukuita. Nimekueleza tu hali ya nyumbani.

Dada yako anayekupenda, Hermelinda


Mji Mkuu
1 Desemba 1991

Dada Hermelinda,

Nimelia, nimemaliza. Sasa nikueleze langu, maana si wewe peke yako uliyekuwa unamwaga maji ya moto ili kuficha.

Nilichomjibu Mama siku ile ni hiki: "Jibini yako inanuka shamba, Mama. Huku hawaitaki." Ndiyo maneno. Aliyasikia yeye, na Bwana Tarsicio, na foleni yote mpaka duka la viatu. Haikuwa kweli hata kidogo. Nilikuwa nimeaibika nikatafuta kitu kizito cha kurusha, na hicho ndicho kilikuwa karibu.

Na ile habari ya mgeni wa kaskazini ilitokea kama nilivyoiandika, ila ilitokea miaka mitano iliyopita. Tarehe ndiyo niliyokudanganya. Siku hizi haiwezi kutokea. Tangu kile kikapu cha kwanza baada ya ugomvi, kila kesadiya inayotoka kwenye kaango langu ina uzi wa jibini ya Mama. Ya viazi, ya uyoga, yote. Hakuna anayeomba na hakuna ninayemwambia. Uzi mmoja mwembamba, ninauweka chini ya viazi na jani moja la epasote, unayeyuka, na mtu akiuma unamfuata mpaka kidevuni. Bwana Tarsicio alinuna wiki nzima, akasema nimeuza heshima ya Mji Mkuu. Siku ya nane akaomba ya pili. Sasa wananiita "Mama wa Uzi", na mimi ninakwambia wewe dada yangu kwamba ninauza kama kawaida, anayetaka jibini aombe. Kiburi hicho nimekipata wapi, hata usijibu.

Nakuja na basi la tarehe tano, mwezi wa kwanza. Usimwambie. Na usimwambie kwamba najua habari ya mkono. Nataka nije kama mtu aliyekuja tu.

Obdulia


Mji Mkuu
15 Januari 1992

Dada yangu,

Nimefika salama, miguu imevimba lakini moyo mwepesi. Kila uliponiuliza "ilikuwaje jikoni?" nilicheka tu, kwa sababu Mama alikuwa nyuma ya mlango, na masikio hayajapata kiharusi. Sasa nakueleza.

Ulipokwenda Misa ya Wafalme ukatuacha, kwa makusudi, nakujua, alikuwa kwenye kigoda, mtandio umefunika bega la kushoto. Nikasema, "Mama." Akanitazama kuanzia viatu. "Umenenepa," akasema. "Huko mnakula." Nikapiga magoti kuubusu mkono wake kama ipasavyo, na sijui nilikuwa nafikiri nini, nikauchukua ule wa kushoto. Ulikuwa mzito, umepoa. Nikaubusu hivyo hivyo.

"Huo hausikii," Mama akasema. "Busu huu."

Nikaubusu na huu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba tangu basi lilipopita Puebla, yote ikapotea. Akasema ana njaa. Nikaweka kikaango cha udongo motoni, nikakanda unga, nikapiga chapati kwa viganja, nikaiweka. Nikachukua bonge lako, nikavuta uzi mnene, si ule mwembamba wa wateja, uzi wa heshima. Mama akanyoosha fimbo yake akanizuia mkono.

"Unafanya nini?"

"Natia jibini, Mama."

"Nani kakuomba?"

"Mama!"

"Nakuuliza, nani kakuomba? Nataka ya viazi. Viazi vitupu, kama mnavyokula huko."

Dada, tuligombana. Miaka minne nangoja kumtilia jibini, naye miaka minne, nadhani, anangoja kula bila jibini, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Mwishowe nikakunja ya viazi vitupu, nikaigeuza ikaungua mgongo, nikampa. Akaila yote, polepole, kwa mkono mmoja, kiazi kikidondoka mapajani anakiokota. Akafuta mdomo kwa mtandio.

"Inaliwa," akasema. Halafu, "Ila jina lake si hilo."

Hapo ndipo nikapata sauti. Nikamwambia, "Mama, jibini yako haikuwa inanuka shamba."

"Ilinuka," akasema. "Ng'ombe anakaa shambani. Ulitaka inuke manukato?" Na akanivuta kichwa akakiweka pajani, penye viazi, na tukakaa hivyo mpaka kengele ya mwisho wa Misa. Ndiyo maana ulinikuta nina kiazi kwenye nywele.

Nitakuja tena Pasaka. Nitakaa mwezi mzima. Kaango litamngoja mwenyewe.

Mdogo wako, Obdulia


Reyes Etla
2 Februari 1992

Mdogo wangu Obdulia,

Leo tumebariki mishumaa kanisani na ya kwako nimekuwekea. Crisóforo anakohoa tena lakini anakula. Mchumba amepata pembe mbili ndogo na tabia mbaya.

Kikapuni utakuta mabonge manne na moja la tano, dogo, limefungwa kitambaa peke yake. Utaliona lilivyo. Limepinda, upande mmoja limebana na mwingine limelegea, halifungukii kushoto wala kulia, na kitovu sikuweza kukiona kiko wapi. Mama ameliviringa Alhamisi, kwa mkono wa kulia, akibana ncha kwa meno, ilimchukua tangu kengele ya adhuhuri mpaka nilipoanza kuwasha moto wa jioni. Hakutaka nimsaidie. Nilipoinua mkono tu akanipiga na fimbo. Anasema usilitie kwenye kesadiya ya mtu yeyote, hata ya Bwana Tarsicio. Ule mwenyewe.

Halafu nikakaa kwenye kigoda kukuandikia, na kama kawaida nikamuuliza, "Mama, nimwambie nini mwanao?" Nikaloweka kalamu mdomoni nikingoja habari ya jua.

Akakisogeza kikapu kwa fimbo. Akasema, "Andika kwamba namsalimu."

Nikamwambia, "Hilo tu, Mama?"

"Kwani wewe umelingoja miaka mingapi? Andika, kabla sijabadilisha."

Basi nimetumwa, nami naandika: Mama anakusalimu.

Hermelinda